Niliyojifunza nikihamisha kazi zangu kutoka Flash

Kwa miaka kama nane hivi kazi yangu yote, yani ile iliyokuwa inanilipa, ilikuwa inaishi ndani ya faili zenye mkia wa .swf. Nilikuwa natengeneza masomo ya kompyuta kwa ajili ya chuo kimoja cha afya, jinsi moyo unavyosukuma damu, jinsi figo inavyochuja, jinsi ya kutumia hadubini, mambo hayo, na yote yalikuwa yanacheza ndani ya brauza kupitia plagini ya Flash, yani programu ya ziada unayoiongeza kwenye brauza ili icheze michoro, sauti na video. Saivi hakuna hata somo moja kati ya yale linalofunguka lenyewe kwenye brauza ya kawaida. Nataka nieleze ilikuwaje kwa sababu wengi wanaoingia kwenye hii kazi leo wanachosikia ni kwamba Flash ilikuwa mbovu ikafa, basi, na mimi niliyekuwepo siwezi kukubali hadithi iishie hapo.

Flash ilikuwa nzuri. Naanzia hapo na simung'unyi maneno. Nilianza mwishoni mwa 2003 na Flash MX 2004, wakati huo bado ni mali ya Macromedia, Adobe walikuja kuinunua kampuni nzima 2005. Sasa jaribu kukumbuka brauza zilikuwaje miaka ile. Internet Explorer 6 ilitoka 2001 na Microsoft hawakutoa ya 7 mpaka 2006, miaka mitano watu tumekaa na brauza ileile, na ndiyo iliyokuwa kwenye karibu kila kompyuta. Video ndani ya ukurasa? Kulikuwa na RealPlayer, kulikuwa na QuickTime, kulikuwa na Windows Media, kila moja na plagini yake na ugomvi wake, mwanafunzi akikosa moja somo linaishia hapo. Halafu linakuja hili dude la Flash, faili moja dogo, unachora, unasogeza kwenye mstari wa muda, unaandika kodi kidogo, yani maagizo ya programu, na linaonekana sawasawa kwenye Windows, kwenye Mac, kwenye kila brauza. Sawasawa kabisa! Mtu ambaye hakuwahi kuhangaika kupanga ukurasa kwenye IE6 na Firefox kwa pamoja hawezi kuelewa neno sawasawa lilikuwa tamu kiasi gani.

Na haikuwa kwa ajili ya katuni na matangazo tu kama watu wanavyodhani. Ukitaka mtumiaji apandishe picha kumi kwa mpigo na aone mstari wa asilimia ukisogea, ilibidi utumie Flash. Ukitaka kichwa cha habari kiwe na fonti nzuri ambayo haiko kwenye kompyuta ya msomaji, kulikuwa na mbinu inaitwa sIFR, inafuta maandishi yako na kuweka kipande cha Flash juu yake chenye maandishi yaleyale. Hata kale kakitufe ka kubonyeza ukakopi linki, kwa miaka mingi kalikuwa kanafanya kazi kwa sababu juu yake kulilazwa Flash isiyoonekana, unadhani unabonyeza kitufe kumbe unabonyeza plagini. Maikrofoni, kamera, mawasiliano ya papo kwa papo na seva, kuhifadhi data kwenye mashine ya mtumiaji, vyote Flash ilikuwa navyo wakati HTML, lugha yenyewe ya kuandikia kurasa za wavuti, haina hata kimoja. YouTube ilipoanza 2005 ilianza kwa Flash, na sioni ingeanza vipi vingine.

Tulikuwa na dada mmoja mchoraji, tulikaa naye meza moja. Yeye ndo alichora moyo. Siku tatu anachora, vyumba vinne, vali, mishipa, halafu tukakaa pamoja kuufanya udunde, fremu 24 kwa sekunde, tukisikiliza rekodi ya mapigo ya kweli ili vali zifunge pale sauti inapogonga. Tulipomwonyesha mwalimu wa somo akakaa kimya akiangalia, akabonyeza tena, akaangalia tena. Nimefanya kazi nyingi tangu siku hiyo na bado ile naiweka juu.

Ufa wa kwanza niliuona 2008 na ulitoka mahali ambapo sikutegemea. Kulikuwa na kijana anasoma fiziotherapia, haoni, anatumia kompyuta kwa programu ya kusoma skrini. Alinitafuta ofisini, mimi si mwalimu lakini pale kila mtu aliniita hivyo, akaniambia, "Mwalimu samahani, nikifika ule ukurasa wa moyo kompyuta inanisomea kichwa cha somo, halafu moja kwa moja inanisomea ile linki ya chini ya kurudi mwanzo. Hapo katikati kuna kitu?"

Hapo katikati kuna kitu. Hapo katikati kulikuwa na somo zima.

Nikamwambia ngoja niangalie. Sababu nilikuja kuigundua baada ya siku mbili na iliniuma kwa sababu ilikuwa ni mkono wangu mwenyewe. Tovuti ilikuwa na menyu za kushuka, na Flash kwa kawaida yake ilikuwa inakaa juu ya kila kitu kwenye ukurasa, menyu ikishuka inajificha nyuma ya mchoro. Dawa iliyokuwa inajulikana ilikuwa ni kuweka mpangilio unaitwa wmode kuwa transparent, unaandika neno moja tu na menyu inapita juu. Kitu ambacho sikujua ni kwamba ukishaweka hivyo, programu za kusoma skrini haziioni Flash tena, kwao pale ni patupu. Kwa hiyo mimi ili menyu yangu ipendeze nilikuwa nimemfutia yule kijana somo. Nikaiondoa, menyu ikarudi kujificha, nikabadilisha menyu yote. Ndo nikagundua pia kila kitufe ndani ya Flash kilitakiwa kipewe jina kwa mkono, na hata ukimaliza kuvipa majina inasomeka kwenye Windows tu, na kwenye Firefox anayetumia kibodi akiingia ndani ya Flash kwa kitufe cha Tab anashindwa kutoka, mpaka ashike mausi, ambayo kwa asiyeona haina maana yoyote. Nilijitahidi. Yule kijana alimaliza mwaka wake wa mwisho akisoma somo la moyo kwenye maandishi matupu niliyomwandikia kwenye ukurasa wa HTML wa kawaida kabisa, tena akaniambia ule ukurasa ndo ulikuwa mzuri kuliko yote.

Ule ukurasa wa maandishi ningeuangalia kwa makini siku ile, ningejua mapema. Lakini sikuuangalia, niliona kama kitu cha kumsaidia mtu mmoja.

Wakati huo tayari kuna watu walikuwa wanahangaika upande wa pili. 2004 watu wa Apple, Mozilla na Opera, wote watengeneza brauza, walijitenga wakaanzisha kikundi chao kinaitwa WHATWG, kwa sababu W3C, ambao ndo waliokuwa wanatunza viwango vya wavuti, walikuwa wamezama kwenye XHTML 2, lugha mpya ambayo isingeelewana na kurasa zilizokuwepo. Hawa wakasema hapana, tuichukue HTML iliyopo na kasoro zake zote tuiongezee kile watu wanachokihitaji. Opera mwanzoni mwa 2007 wakapendekeza tegi ya video, yani alama unayoiandika ndani ya HTML na brauza inacheza video yenyewe. Apple walikuwa na kanvasi yao, eneo la kuchorea ndani ya ukurasa, tangu 2004, waliitengeneza kwa ajili ya kompyuta zao wenyewe, ikaingizwa kwenye kiwango na wengine wakaichukua. Mimi nilikuwa nasikia haya mambo kwa mbali na nayapuuza kwa sababu nilijua ugomvi wa brauza nikaona hawa watu hawataelewana hata siku moja.

2007 iPhone ikatoka bila Flash, nikasema watalazimika tu kuiweka. 2010 iPad nayo ikatoka bila Flash. Halafu tarehe 29 Aprili 2010 Steve Jobs, bosi wa Apple, akaandika ile barua yake ya wazi kuhusu Flash, kwamba imefungwa, ni ya kampuni moja, inamaliza betri, ina matatizo ya usalama, imetengenezwa kwa ajili ya mausi si vidole. Nilikasirika sana. Niliona huyu mwenye duka la apu ambalo hupiti bila ruhusa yake ndo anatufundisha habari za uwazi? Na hilo la duka bado naliona ni kweli mpaka leo. Lakini kuna jambo ambalo hasira ilinizuia kuliona, kwamba mtu anaweza akawa na maslahi yake na bado anachosema juu ya kitu chako kikawa sahihi. Nilichukua simu ya rafiki iliyokuwa na Flash, zile za Android za wakati ule, nikafungua somo la moyo. Unajua nilikutana na nini? Vitufe vyote nilikuwa nimeviandikia kwamba mausi ikipita juu ndo maelezo yatokee. Kidole hakipiti juu. Kidole kinagusa au hakigusi. Mishipa yote ikakaa kimya bila jina, na simu ikaanza kupata moto mkononi.

Novemba 2011 Adobe wenyewe wakatangaza hawataiendeleza tena Flash ya brauza kwenye simu. Hapo ndo chuo wakaniita, wakasema wanafunzi wengi wanatumia simu, hamisha masomo.

Nikasema sawa, nipeni miezi sita. Ilichukua zaidi ya miaka mitano na bado haikuisha.

Tatizo la kwanza halikuwa hata la kiteknolojia. Faili ya .swf ndo inayocheza, lakini unachofanyia kazi ni faili nyingine inaitwa .fla, ile ndo yenye michoro na kodi yako kama ulivyoiandika, na hiyo huifungui mpaka uwe na programu ya Adobe, tena ya toleo linaloendana. Masomo yalikuwa thelathini na moja. Faili za .fla zilizopatikana zilikuwa kumi na tisa. Nyingine zilikuwa kwenye diski iliyokufa, nyingine alikuwa nazo mtu aliyeacha kazi, nyingine sijui, zilipotea tu. Ya moyo haikuwepo. Kwenye seva ilikuwepo .swf yake inacheza vizuri kila siku na hakuna aliyejua kwamba mama yake ameshapotea. Fikiria na ukurasa wa HTML, pale kinachocheza na kinachoandikwa ni kitu kilekile, ukiwa na ukurasa unao wote, bonyeza uangalie chanzo chake kiko hapo. Na mimi hivo ndivyo nilivyojifunza HTML miaka ya tisini, kwa kufungua kurasa za watu na kuangalia wamefanyaje, hakuna aliyenifundisha. Flash sikuweza kujifunza hivo hata siku moja.

Ikabidi nitumie programu ya kufumua .swf, kuna moja inaitwa JPEXS, ya bure na kodi yake iko wazi, nawashukuru sana walioitengeneza maana bila wao ningeanza upya kila kitu. Inakutolea michoro, sauti, na kodi. Lakini kodi inarudi imenyolewa, maelezo yote niliyojiandikia pembeni hayapo, na majina mengi ya ndani yamegeuka kuwa namba namba. Nilikaa wiki nzima nasoma kodi yangu mwenyewe kama ya mtu nisiyemjua, najiuliza hapa alikuwa anazidisha kwa 0.83 kwa nini. Baadaye nikakumbuka, ilikuwa ni kuchelewesha vali ili ifuate ile sauti ya mapigo.

Michoro nilianza kuihamishia kwenye kanvasi na hilo lilikuwa kosa, lipo wazi kabisa ukishalifanya. Kanvasi ni kama ubao, unachora rangi juu yake na ubao haujui umechora nini. Nikamkumbuka yule kijana wa fiziotherapia. Nilikuwa najenga tena patupu palepale, safari hii kwa kiwango cha wazi. Hiyo naomba mtu aikumbuke, kiwango kuwa cha wazi hakimaanishi ulichojenga juu yake kitasomeka na kila mtu, mlango uko wazi lakini unaweza ukajenga ukuta mbele yake. Nikafuta kazi ya miezi miwili nikaanza na SVG, michoro inayoandikwa kwa maandishi kama HTML, ambayo kila mshipa ni kitu chenye jina lake ndani ya ukurasa, unaweza kuupa maelezo, kuugusa kwa kidole, kuufikia kwa kibodi, kuubadilisha rangi kwa CSS, ile lugha ya kupanga mwonekano wa ukurasa. Hapo kazi ikaanza kwenda.

Ila isiwe kama nasema mambo yalinyooka. Miaka ile ya 2012, 2013 ilikuwa ngumu mno. Maabara ya chuo ilikuwa na Windows XP, na XP mwisho wake ni IE8, na IE8 haina kanvasi, haina tegi ya video, haina SVG, hivo vyote Microsoft walivileta kwenye IE9 mwaka 2011 ambayo XP haipokei. Kwa hiyo kila somo nilikuwa natunza mawili, jipya kwa wenye simu na la Flash kwa ajili ya maabara. Kwenye CSS kila kitu ulikuwa unakiandika mara tatu nne na viambishi vya kila brauza. Video nazo, tegi moja kweli, lakini ndani yake wakashindwa kukubaliana kodeki, yani njia ya kubana video, hawa wanataka H.264 ambayo ina hataza za kulipia, hawa hawataki, Google wakainunua kampuni ya On2 mwaka 2010 wakaiachia kodeki yake ya VP8 iwe bure ndani ya aina mpya ya faili za video, WebM, kwa hiyo nikawa natengeneza kila video mara mbili. Na video zetu za asili nyingi zilikuwa zimebaki ndani ya FLV tu, faili za video za Flash, ukizigeuza zinazidi kufifia, mikono ya muuguzi inakuwa kama iko nyuma ya kioo chenye mvuke. Sauti kwenye simu haichezi mpaka mtu aguse kwanza, hivo mapigo ya moyo yanaanza kuchelewa. Kuna usiku nilikaa nikaikumbuka Flash kama mtu anavyoikumbuka nyumba aliyohama.

Na kuna vitu ambavyo kwa kweli havikuwepo, vilibidi visubiriwe. Tulikuwa na somo ambalo mwanafunzi anajirekodi akimweleza mgonjwa habari za dawa halafu mwalimu anasikiliza. Maikrofoni. Kwenye Chrome na Firefox ilikuja mapema, lakini Safari wameiweka kwenye toleo la 11, Septemba 2017. Kwa hiyo somo moja lilibaki kwenye Flash miaka yote hiyo likingoja brauza moja.

Nilikuwa nalalamika sana kuhusu huku kuchelewa kwa viwango, mpaka nilipokaa nikaanza kufuatilia majadiliano yao, yako wazi, mtu yeyote anasoma. Nikaona ni kwa nini. Plagini ya kampuni moja, mtu mmoja anaamua Jumatatu na mwezi unaofuata iko kwenye kompyuta za watu. Kiwango lazima watu wanaoshindana sokoni wakubaliane neno kwa neno, mwingine anauliza hii kwenye simu itakuwaje, mwingine anauliza asiyeona atafanyaje, mwingine anauliza mtu mwenye nia mbaya ataitumiaje, halafu watengeneze injini tofauti kabisa, yani ile sehemu ya brauza inayosoma kodi na kuchora ukurasa, zitoe jibu lilelile. Maswali hayohayo ndo Flash ilikuja kuulizwa imeshachelewa. Suala la usalama ndo lilionekana na kila mtu, Julai 2015 kampuni moja ya udukuzi ya Italia, Hacking Team, ilidukuliwa na yenyewe, data zao zikamwagika mtandaoni na ndani yake kukakutwa matundu ya Flash ambayo hata Adobe hawakuwa wanayajua, Mozilla wakalazimika kuizuia Flash kwenye Firefox mpaka irekebishwe.

Na ukiangalia vizuri, viwango havikuitupa Flash, viliisoma. Kutuma faili nyingi na mstari wake wa asilimia, sasa brauza inafanya yenyewe. Fonti zinapakuliwa na ukurasa, sIFR haihitajiki. WebSocket, ya mawasiliano ya papo kwa papo na seva, ilipitishwa 2011, WebGL ikaja mwaka huohuo kwa ajili ya michoro ya pande tatu, kukopi kwa kitufe kukakubalika kwenye Chrome 2015. Kila kimoja katika hivyo kuna plagini iliyokuwa imeshathibitisha kwamba watu wanakitaka. Ndo maana sikubali mtu akisema ilikuwa upotevu wa muda. Kuna watu walikuwa wanaonyesha njia bila kujua kwamba njia yenyewe itapita bila wao.

Mwisho wenyewe ulikuja kwa hatua. Chrome wakaondoa mfumo wa zamani wa plagini 2015, plagini nyingine kama Java na Silverlight zikaenda nao, Flash ikabaki kwa sababu Chrome ilikuwa inakuja nayo ndani. Firefox wakafuata Machi 2017, wao pia wakaiacha Flash peke yake. Tarehe 25 Julai 2017 Adobe wakatangaza kwamba mwisho wa Flash ni mwisho wa 2020. Nikapeleka taarifa kwa uongozi wa chuo siku hiyohiyo. Nikaambiwa bado miaka mitatu na nusu. Nikapeleka tena 2019. Yalikuwa yamebaki masomo manne, mawili nikayamaliza kwa muda wangu mwenyewe usiku, mengine mawili yalikuwa ya hadubini, makubwa, yenye picha mia na kitu, yalihitaji mchoraji na bajeti na havikupatikana. Na haikuwa sisi peke yetu, mamlaka ya mapato ya Afrika Kusini Januari 2021 ilibidi itoe brauza yake maalumu ili watu wajaze fomu zake za Flash zilizobaki. Tarehe 12 Januari 2021 Adobe wakafunga, plagini yenyewe ikawa inakataa kucheza kitu chochote, ilikuwa imeandikiwa tarehe hiyo ndani yake. Nilifungua somo la hadubini asubuhi ile nikaona ile alama ndogo katikati ya boksi la kijivu. Faili iko, seva iko, kompyuta iko, mimi niliyeiandika niko hapo, na siruhusiwi kuiona.

Halafu naangalia ukurasa wangu wa kwanza wa HTML, wa miaka ya tisini mwishoni, una rangi mbaya na tegi za fonti ambazo hakuna anayezitumia tena. Unafunguka. Kwenye simu unafunguka.

Siku hizi kinachonipa wasiwasi ni kitu kingine. 2017 W3C wakapitisha EME, ambayo inaruhusu brauza kubeba kijiboksi kilichofungwa cha kulinda video za kulipia, na EFF, shirika linalotetea haki za watu mtandaoni, wakajiondoa W3C siku hiyohiyo kwa kupinga. Halafu injini za brauza zinapungua, Opera waliacha ya kwao 2013, Edge ya Microsoft ikahamia kwenye Chromium, msingi uleule wa Chrome, na toleo lake likatoka Januari 2020. Nikiona divelopa amejaribu kazi yake kwenye Chrome peke yake akasema iko tayari, naona kabisa mimi wa 2004 nikifurahia lile neno sawasawa. Mimi najaribu kwenye Firefox na Safari kila mara, hata mteja asipoomba.

Miezi michache iliyopita nilisikia Ruffle imefika mbali. Ni programu ya watu wa kujitolea, kodi yake iko wazi, inaiga Flash ndani ya brauza kwa kutumia WebAssembly, njia ya kuendesha programu nzito ndani ya brauza, ambayo nayo ni kiwango cha W3C tangu 2019. Internet Archive, maktaba ya mtandaoni, wanaitumia kuhifadhi michezo na katuni za zamani. Nikachukua .swf ya moyo, ile ya kwanza kabisa, nikaifungua. Ikasubiri kidogo. Moyo ukadunda. Fremu 24, vali zinafunga na sauti, kila kitu mahali pake, plagini ya kampuni iliyofungwa ikipumua ndani ya vitu ambavyo ni vya wote. Za hadubini zinafunguka nusu, picha zinatokea lakini kukuza hakufanyi kazi, nimewaandikia wenye Ruffle ripoti ya bagi, yani hitilafu, na kuwaambatanishia faili.

Nikamtumia linki ya moyo yule dada mchoraji, hatukuwa tumeongea miaka mingi. Akanijibu usiku.

"Kaka, nimelia kidogo. Lakini mbona ile mishipa minne inayotoka kwenye mapafu, mmoja nimeupaka bluu? Inatakiwa yote iwe myekundu, ile damu imeshapata hewa. Imekaa hivyo miaka yote?"

Nikaenda kuangalia, kweli, ule wa chini kushoto ni bluu. Nikafungua na somo la sasa, la SVG, nalo ni bluu, kwa sababu niliuhamisha kutoka kwenye .swf kama ulivyo. Ile ya zamani sikuwa na la kuifanyia. Ya sasa niliifungua kwa programu ya kawaida ya kuandikia maandishi, nikautafuta mshipa kwa jina lake, nikabadilisha rangi kwenye mstari mmoja, nikahifadhi, nikapandisha kwenye seva. Halafu nikamwandikia afungue tena aangalie.